Mama wa Tabora

Mliniaga nikienda Tabora. Mama Salama alinipa dumu tupu nimletee asali, na Ndugu Kondo wa masijala akaniagiza karanga. Nimerudi sina asali wala karanga, kichwa nimenyoa, na kila asubuhi mnapita mezani kwangu mkiuliza taratibu, "Lakini Mama Fina, ilikuwaje huko?" Nimekuwa nikijibu kwamba niko salama. Siko salama. Kwa kuwa mdomo wangu ndio ulionifikisha hapa, leo nauacha upumzike, natumia mashine yangu ya chapa. Someni, kisha mnihukumu mnavyotaka.

Dar es Salaam

Mambo ya kuomba ruhusa na kukata tikiti nayaruka, nyote mnayajua. Nianze na barua. Iliandikwa na kaka yangu Deogratias, nayo ilikaa njiani wiki tatu kabla ya kufika kwenye sanduku la posta la mume wangu. Ilisema: "Mama anaumwa, na ugonjwa wenyewe si wa kupona. Anamtaka mwenye jina lake. Ana maneno ya kumpa. Mlete Kamachumu upesi."

Kamachumu iko Muleba, mkoa wa Ziwa Magharibi. Mimi ni Mhaya. Jina langu ni Kokugonza. Haya, nimeshaandika, na dari haijaniangukia.

Mwenye jina la mama ni huyu binti yangu Fina, mnayemfahamu, anayekuja hapa Jumamosi kula karanga za Ndugu Kondo. Ana miaka kumi na mmoja. Jina lake la pili, ambalo hakuwahi kulisikia likiitwa kwa sauti, ni Kemilembe, jina la bibi yake. Kwetu mtu akiona safari yake imekaribia huacha irage, ndio wosia wa mdomo, mbele ya mashahidi. Mama hakuwa na mali ya kugawa. Alikuwa na maneno, na aliyataka yatoke kinywani mwake yaingie masikioni mwa huyo mjukuu. Ndiyo yaliyonipandisha gari moshi.

Mtauliza Tabora ilitoka wapi. Tabora nilisomea upigaji chapa, basi. Nilipokuja Dar nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikazunguka Magomeni siku nne natafuta chumba. Kila nyumba swali la kwanza lilikuwa, "Mtu wa wapi?" Nikisema Bukoba, mama mwenye nyumba ananitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha anasema, "Ah, mwanangu, hapana. Humu mna waume za watu." Mmoja alifunga mlango tu. Nyumba ya tano ilikuwa ya Bi Tatu. Nikamwambia natoka Tabora, akanipa ufunguo na kikombe cha uji. Uongo ule ulinipa paa, nami nikaona paa ni jambo kubwa kuliko jina.

Baadaye nikaolewa na baba Fina. Yeye alijua. Alinisihi tu mama yake asijue, na mama mkwe amekufa akiamini nimezaliwa Tabora. Fina alipozaliwa nilimbembeleza kwa Kiswahili. Nyimbo za mama zilinifika kooni nikazimeza, maana ukuta wetu na wa Bi Tatu ni mmoja. Mpaka leo mnajua ninavyocheka mtu akileta ile mizaha ya Wahaya hapa ofisini. Nacheka kuliko nyinyi.

Jambo jingine dogo. Kabla barua haijafika, tukiwa foleni ya maji, Bi Tatu alisema, "Kuna mama wa Kihaya anapita mlango kwa mlango anamtafuta mwenzake. Nimemwambia hapa hatuna, tunamshukuru Mungu." Wanawake wakacheka. Nami nilicheka, nikaangalia ndoo yangu.

Ndani ya behewa

Tulikuwa wanawake watano na Fina katika chumba cha daraja la pili. Gari lilitoka saa mbili baadaye kuliko lilivyotakiwa, na baada ya Morogoro likasimama porini nusu siku kwa sababu mvua ilikuwa imekula tuta la reli. Watu walishuka, wakawasha moto, wakapika chai. Sukari ilikuwa shida wakati ule kama mjuavyo. Mimi nilikuwa na kilo mbili za kumpelekea mama, nilizozichanga kwa balozi wetu wa nyumba kumi kidogo kidogo, nikazikalia ili nisiombwe.

Kwenye kiti cha mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mnene kidogo, rozari shingoni, ana utulivu wa mtu aliyezoea kusubiri. Alijiita Adventina. Mchana ule wa kukwama alifungua kifurushi cha jani la mgomba lililokauka, ndani mna buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Akamzungushia kila mtu. Hivyo ndivyo tunavyokaribishana kwetu, kabla ya maji na kabla ya maneno.

Wenzangu walizigeuzageuza. Mmoja akauliza, "Hii inamezwa kama dawa?" Mimi nilipokea kwa mikono miwili, nikatia mbili mdomoni, nikazisogeza shavuni na kuanza kuzitafuna polepole nikinyonya. Sikufikiri. Mikono yangu na meno yangu vilikumbuka kabla yangu.

Mama Adventina alinitazama, uso wake ukafunguka. Akanisalimu kwa Kihaya, salamu nzima kama inavyotakiwa, halafu akauliza, kwa Kihaya vilevile, mimi ni wa oluganda gani, na wa kwa nani. Oluganda ni ukoo. Kwetu huulizwi hivyo kwa umbea. Mtu huulizwa ukoo ili aliyekutana naye ajue amsalimu kama nani, na kama kuna habari ya kwao, njema au mbaya, aipate papo hapo njiani. Hakuna posta iliyo upesi kuliko hiyo. Mtoto wa kwetu hufundishwa kujibu swali hilo kabla hajafundishwa kuhesabu.

Wenzetu wote walikuwa wananitazama. Mmoja wao anakaa Magomeni, mtaa wa pili kutoka kwetu.

"Samahani mama," nikamwambia. "Sielewi hiyo lugha. Mimi ni wa Tabora."

Alikuwa ameshaanza neno jingine. Akalirudisha.

"Basi nisamehe, waitu, ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha shule, kila neno limesimama peke yake. "Nimekufananisha."

Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini palikuwa na ndugu mmoja mwenye beji ya chama kifuani, aliyekuwa akisimama mlangoni petu kila mara kutupa darasa. Alikuwa ametueleza asubuhi nzima kwamba ukabila umekwisha, sote ni Watanzania. Aliposikia Kihaya akachekelea.

"Kumbe tuna nshomile humu, wale wasomi wa kujidai! Mhaya ukimpa maji atakuuliza kwanza uliyasomea wapi kuyachota." Wenzangu wakacheka. Akaona ameshika soko, akaongeza, "Na akina mama zao... aah, biashara yao tunaijua."

Mama Adventina alikunja kifurushi chake. Hakupandisha sauti.

"Ndugu, mimi ni Mhaya. Nina mume mmoja na watoto saba. Biashara yangu ni kahawa na migomba. Wewe ya kwako ni kusimama kwenye milango ya wanawake?"

Kicheko kikamgeukia yule ndugu, akaondoka. Ila mimi nilikuwa nimeshacheka pale mwanzo, kwenye lile la akina mama. Nilicheka kwa mazoea, kama mtu anavyopiga chafya. Mama Adventina alinisikia. Tangu hapo hakunisemesha tena, na mimi sikumlaumu, nilishukuru.

Tabora

Tulifika Tabora mchana wa siku ya pili. Wauza asali walijaa madirishani. Fina alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Akasimama juu ya kiti, akavuta begi letu kwa nguvu zake zote.

"Mama, si tumefika kwetu? Twende, tutapitwa!"

Hapo ndipo nilipojua ubaya wa nilichokifanya. Nilikuwa nimemdanganya Bi Tatu, nimemdanganya mama mkwe, nimewadanganya nyinyi. Huyu mtoto sikumbuki siku niliyomdanganya. Alikua tu ndani ya uongo kama anavyokua ndani ya nyumba.

"Kaa," nikamwambia. "Tunakwenda Mwanza kwanza. Kwa baba mdogo."

"Baba mdogo yupi?"

"Kaa, Fina."

Mama Adventina alikuwa anatazama nje, kwenye asali. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu ilikuwa na gari moshi na meli, na bado haikunitosha.

Mwanza, na ziwani

Mwanza tulisubiri meli siku moja na nusu. Nilimpeleka Fina kula sato na ugali kwa mama lishe karibu na gati, nikamwambia yote, huku akichambua miiba. Hakulia. Alisikiliza kama anavyosikiliza hesabu ngumu. Alipomaliza samaki akauliza, "Kwa hiyo sisi ndio wale anaowasema Bi Tatu?"

"Ndio sisi."

"Na mimi pia ni hivyo?"

Nikamwambia Bi Tatu hajui asemalo. Akaniuliza kwa nini basi nilikuwa nacheka. Nikamwagizia soda.

Jioni ile na asubuhi yake nilijaribu kumfundisha salamu ya kumpa bibi, na namna ya kupiga magoti. Ndipo nilipogundua jambo jingine. Maneno niliyajua, lakini hayakuja yalipoitwa. Nilikuwa nashika mwanzo wa sentensi, mwisho wake unatokea kwa Kiswahili. Miaka kumi na minne sikuwa nimesema Kihaya hata na nafsi yangu. Nilidhani lugha ya mama ni kama kovu, haitoki. Inatoka. Fina alikariri salamu kwa kuihesabu vidoleni, akiitamka kama jina la dawa.

Melini nilimwona Mama Adventina upande wa mbele, amekaa juu ya mzigo wake kati ya wanawake wenzake, wanaongea na kucheka kwa ile sauti ya kwetu ya kuvuta maneno. Nikamchukua Fina tukakaa nyuma, pembeni ya magunia, mahali palipokuwa na harufu ya mafuta. Asubuhi Bukoba ilipoonekana, na miamba yake na kijani chake, watu walisimama. Nilimzuia Fina tusishuke mpaka nione kitambaa cha kichwa cha yule mama kimepotea kabisa nyuma ya ghala. Tulikuwa abiria wa mwisho kukanyaga nchi yetu.

Rwamishenye

Basi la kwanza la Muleba lilikuwa limekwenda. La pili lilijaa taratibu sana, na lilipojaa likaenda mpaka Rwamishenye, likasimama tena. Dereva alikuwa anangoja magunia ya mtu fulani ambaye kila aliyeulizwa alisema yuko njiani. Tulikaa pale zaidi ya saa moja na nusu.

Nawaeleza hiki kituo kwa sababu nakiona kila nikifumba macho. Nilikaa upande wa dirisha. Nilimnunulia Fina ndizi mbivu. Akaniuliza kule kwenye migomba mingi, nyumba zimejificha, panaitwaje. Nikamwambia kule ni Nshambya, mjomba wako Deo ana nyumba huko, tutapita tukirudi. Akasema, "Si tungempitia sasa? Gari lenyewe haliendi." Ilikuwa mwendo wa miguu tu. Nikamwambia hatuna muda, bibi anatungoja Kamachumu.

Kondakta alikuja kudai nauli, akanisemesha kwa Kihaya. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akamgeukia dereva, akamwambia kwa Kihaya kwamba hawa Waswahili wa pwani wakija huku hukaa mbele kama wakubwa. Nilielewa kila neno. Pwani mimi ni Mhaya wa kujificha, Bukoba ni Mswahili. Nikajisemea basi mwenye kunipokea hayupo. Kisha magunia yakaja, tukaondoka.

Kamachumu

Tulishuka mchana umeshaanza kulegea. Kamachumu iko juu, upepo wake ni baridi na una harufu ya kahawa iliyoanikwa. Njia ya nyumbani niliijua kwa miguu. Kibanja chetu, shamba la nyumbani, kilikuwa kimefyekwa vizuri, migomba imeegemezwa miti. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba.

Mzee Laurenti, jirani yetu tangu nizaliwe, alitoka kwake akiwa na panga la kupogolea. Fina, kwa adabu zake za Dar, akamwendea amesimama wima na kumpa mkono, "Shikamoo babu!" Mzee aliutazama ule mkono, akangoja magoti, hayakuja. Mimi nikapiga magoti. Nilifungua mdomo nimsalimu, na iliyotoka ni shikamoo.

Akabadilisha lugha papo hapo, akanyoosha mgongo kama watu wanavyofanya mbele ya serikali.

"Karibu, ndugu. Ni wewe wa kilimo? Mibuni yangu nimepogoa yote, hata huko nyuma, unaweza kuangalia."

"Mzee Laurenti, mimi ni Kokugonza. Mtoto wa Kemilembe."

Panga lilimshuka mkononi. Alinisogelea, akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga. Halafu akaanza kusema upesi, Kihaya na Kiswahili pamoja. "Kokugonza! Unafanya nini huku? Mawe wako, huyo mama yako, tulimshusha Nshambya kwa Deo, awe karibu na hospitali. Mwezi sasa unaisha. Hawakukuambia?"

"Barua ilisema Kamachumu."

"Barua ilitangulia. Baadaye Deo akaona barua inachelewa, akatuma mtu kwa mdomo. Adventina, mke wa Felisiani, jirani yake huko Nshambya. Alikuwa anakwenda Dar kumwona mwanawe. Aliambiwa akutafute Magomeni mpaka akupate, akwambie usifike huku, ushukie Nshambya moja kwa moja. Hamkuonana?"

Niliketi chini kwenye majani. Fina akaniuliza, "Adventina si yule mama wa kwenye gari moshi?" Kisha akaketi kando yangu, maana ana akili.

Basi la kurudi halikuwapo mpaka kesho. Nilikimbia dukani kwa ushirika kuulizia lori, wakaniambia lilishuka asubuhi. Mke wa Mzee Laurenti alitupikia ndizi na maharage, akatukaangia senene, wale panzi wa kwetu. Fina aliuliza kama kuna mkate. Yule bibi hakuelewa, na mimi sikutafsiri. Alikaa anamtazama mtoto kwa huruma, akimsemesha maneno matamu ya kwetu ambayo yalipita juu ya kichwa cha Fina yakaenda zake. Sikula. Nilikuwa nalaani magunia ya Rwamishenye, nalaani posta, namlaani Bi Tatu, na kila laana ilirudi kukaa juu yangu.

Nshambya

Tulipanda lori la kahawa asubuhi. Kutokea barabarani tulisikia vilio kabla ya kuona watu. Uani kwa Deo palikuwa na watu, majani mabichi yametandazwa sakafuni, na wanawake wamekaa juu yake. Mama alikuwa amefariki jana yake jua likishuka, nilipokuwa nimekaa kwenye majani ya Kamachumu.

Niliingia, nikamwona. Alikuwa amekuwa mdogo. Nilitaka kumlilia kama mama anavyoliliwa kwetu, kwa majina yake na ya waliomzaa, kilio chenye mpangilio wake, ambacho nilikisikia tangu utotoni. Kilichotoka ni, "Mama yangu jamani, mama yangu nisamehe," kwa Kiswahili safi cha Magomeni. Wanawake waligeuka kunitazama. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kihaya, "Huyu ni nani analia kwa Kiswahili?" Nikazidi kulia, na nilivyozidi ndivyo Kiswahili kilivyozidi kuja. Kiswahili hakina kosa, ni lugha yetu sote. Lakini siku ile kilikuwa kama nguo ya kuazima, nimevaa kwenye msiba wa mama yangu.

Deo alinichukua pembeni. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

"Alikungoja," akasema. "Kila meli ikipiga honi alikuwa anauliza. Jana ilipofika Adventina alikuja hapa moja kwa moja, hajatua hata mzigo. Akamwambia ukweli, kwamba amezunguka Magomeni siku tisa anauliza Kokugonza wa Bukoba, na watu wote wamesema hawamjui, hapana Mhaya mwenye jina hilo. Hata kwa Mungu aliapa."

"Mama alisema nini?"

"Tukamwambia, maneno ya mjukuu tuachie sisi, tutamfikishia. Mashahidi tulikuwa tumekaa. Akasema, 'Niliyaweka kwa ajili ya mwenye jina langu. Kama hayupo, nitaondoka nayo.' Akageukia ukutani."

Mchana ule mama alipokuwa anaambiwa sipo, mimi nilikuwa Rwamishenye namnunulia mwenye jina lake ndizi.

Mama Adventina alikuja na kikapu cha ndizi za msiba. Aliponiona alisimama mlangoni. Deo akasema kwa furaha ya mtu aliyechoka, "Mama, huyu ndiye dada yangu Kokugonza uliyemkosa." Nilingoja aseme. Ua mzima ungejua, na nilikuwa tayari, hata nilitamani.

Alitua kikapu. Akapita kwenye majani, akainama mpaka karibu na sikio langu, akasema kwa Kiswahili, taratibu ili nielewe:

"Pole sana, mama wa Tabora."

Hakumwambia mtu yeyote mpaka tunaondoka. Na siku zote za matanga, wazee walipoeleza taratibu za msiba, alikuwa anakuja kukaa kando yangu, ananitafsiria. Kila neno. Msiba wa mama yangu, kwa lugha ya mama yangu, nikitafsiriwa. Sikuthubutu kumwambia aache.

Fina alimsalimu bibi yake. Alipiga magoti kwenye majani kando ya jeneza, akahesabu vidole, akaisema ile salamu yote bila kukosea. Ni salamu ya kujibiwa, na alibaki pale amepiga magoti, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwamba asiinuke mpaka ajibiwe. Ilibidi nimwinue. Sukari yangu kilo mbili iliingia kwenye chai ya waombolezaji.

Kurudi

Tulinyolewa, tukaaga, tukapanda meli. Deo alimpa Fina kikapu kidogo cha bibi cha kuwekea buni, kitupu. Njia nzima ya ziwani alikipakata. Watoto wa mjomba wake walikuwa wamemwita Mswahili siku zote zile na kumwigiza anavyoongea, lakini hakunishtakia.

Nilikuwa nimeweka nadhiri. Nilijiambia kwamba mtu wa kwanza atakayeniuliza kwetu ni wapi nitamwambia, kwa sauti, ndani ya behewa lililojaa, na jina langu juu yake. Nilirudia maneno hayo Mwanza kituoni mpaka yakalainika.

Baada ya Shinyanga mama mmoja aliyepanda na kuku alitutazama vichwa vyetu, akatikisa chake.

"Poleni na msiba, dada. Kwenu ni wapi?"

Nilivuta pumzi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Tabora," akasema Fina upesi. "Sisi ni watu wa Tabora."

"Aa, majirani basi," yule mama akafurahi, akamsogezea kipande cha muhogo.

Fina akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaniegemea, akaninong'oneza sikioni:

"Nimekusaidia, mama."